Kuiga na Kujifunza: Picha za Japani Zilivyowafunza Wachoraji wa Ulaya

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosemwa na Afisa wa Elimu

Wekeni kalamu chini kwanza. Tusikilize mpaka mwisho, kisha mwalimu atawasomea maswali.

Juma lililopita nilizuru darasa moja, nikamkuta mzee mmoja akinakili maneno kutoka ubaoni. Herufi zake zilikuwa nzuri, zimenyoka. Nilipomsifu alitikisa kichwa, akasema, "Bwana Elimu, usinisifu. Mimi naiga tu. Nachora nisichokijua. Nadhani nitaacha." Mimi ni mdogo kwake kwa umri, na siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Nimelifikiri neno lake juma zima, na somo la leo ndilo jibu langu. Nitawaeleza habari za picha zilizotoka Japani zikafika Ulaya, na habari za mtu mzima mmoja aliyenakili herufi asizozijua hata moja.

PICHA YA CHAPA NI NINI?

Wengi wenu mmewahi kutia dole gumba katika hati. Mliligusisha dole kwenye wino, mkaligandamiza juu ya karatasi. Sasa litazameni. Lina vijimstari vilivyoinuka na vijifereji vilivyozama. Wino hushika palipoinuka. Palipozama hubaki peupe. Na dole lile lile laweza kutia alama katika karatasi mia moja, zote sawasawa. Hiyo ndiyo siri ya kupiga chapa.

Twende sasa Japani. Mji ambao tangu mwaka 1868 unaitwa Tokyo, zamani uliitwa Edo. Katika mji huo palikuwa na maduka mengi yaliyouza picha za chapa kwa watu wa kawaida. Picha moja ilikuwa kazi ya watu wanne. Wa kwanza ni mwenye duka, aliyetoa fedha na kuchagua picha ya namna gani itengenezwe. Wa pili ni mchoraji, aliyechora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Wa tatu ni mchongaji. Huyu aliigandika karatasi ile kifudifudi juu ya ubao wa mti wa mcheri, akachonga kwa kisu na patasi mpaka ikabaki mistari tu iliyoinuka, kama vijimstari vya dole. Wa nne ni mpiga chapa. Alipaka rangi juu ya ubao kwa brashi, akalaza karatasi, kisha akaisugua kwa mkono kwa kisugulio cha duara kilichofunikwa ganda la mwanzi.

Kila rangi ilitaka ubao wake. Kwa hiyo karatasi moja hupita juu ya mbao nyingi, ubao mmoja baada ya mwingine. Ili rangi zisikosane, mchongaji alikata alama mbili ndogo pembeni mwa kila ubao, na mpiga chapa akaegesha karatasi katika alama hizo. Chapa za rangi nyingi za namna hii zilianza kutengenezwa mwaka 1765.

Picha hizi hazikuhesabiwa kuwa sanaa kubwa ya kupamba majumba ya wakuu. Zilikuwa bidhaa, na bei yake ilikuwa ndogo. Zilionyesha wachezaji wa michezo ya kuigiza, wapiga mieleka, wanawake warembo, wasafiri njiani, madaraja, mvua, theluji na milima.

Mchoraji mmoja mashuhuri aliitwa Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760. Picha yake ijulikanayo zaidi duniani ni ile ya Wimbi Kubwa, iliyotolewa yapata mwaka 1831. Ndani yake wimbi limeinuka kama makucha, mashua tatu zimo hatarini, na mbali kabisa mlima Fuji unaonekana mdogo kama kichuguu. Hokusai alikuwa na umri wa miaka kama sabini alipoitoa. Wazee wangu, lishikeni hilo.

Tena kuna ajabu nyingine. Rangi ya buluu iliyotumika katika wimbi lile haikuwa ya Japani. Ilivumbuliwa Berlin, katika Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18, ikafika Japani katika merikebu za Waholanzi na Wachina. Kadhalika, Hokusai alikuwa amejifunza kutoka picha za Ulaya namna ya kuonyesha kitu kilicho mbali kuwa kidogo. Basi kabla Ulaya haijajifunza kwa Japani, Japani nayo ilikuwa imejifunza kidogo kwa Ulaya.

MLANGO WAFUNGULIWA

Kwa muda uliozidi miaka mia mbili watawala wa Japani waliwazuia Wazungu wasiingie nchini. Waliosamehewa ni Waholanzi peke yao, nao tangu mwaka 1641 walikaa katika kisiwa kidogo cha Dejima, katika bandari ya Nagasaki. Mwaka 1853 alifika Commodore Perry wa Marekani na manowari nne, akataka bandari zifunguliwe. Mwaka uliofuata alirudi na manowari nyingi zaidi, na mkataba ukatiwa sahihi. Mizinga ndiyo iliyobisha hodi, hilo tusilifiche.

Baada ya mikataba ya biashara ya mwaka 1858, bandari ya Yokohama ilifunguliwa mwaka 1859. Hariri, chai, vyombo vya udongo, mapepeo na picha za chapa vikaanza kwenda Ulaya kwa wingi. Watu wa London waliviona vitu vya Japani katika maonyesho makubwa ya mwaka 1862. Mwaka 1867 yalikuwako maonyesho mengine Paris, na mara hii Wajapani wenyewe walileta vitu vyao.

MACHO YA ULAYA

Wachoraji wa Ulaya walipoziona picha hizi walishangaa. Kwa nini? Kwa miaka mia nne na zaidi walikuwa wamefundishwa njia moja. Mwalimu aliwaambia hivi: picha ni kama dirisha, basi mchore mpaka mtazamaji adhani aweza kupenya ndani. Tieni kivuli upande mmoja wa kila kitu, ili kionekane kimeviringana. Jambo kuu liwekeni katikati. Tena liwe jambo la fahari, kama vile mfalme, vita, au habari ya kitabu kitakatifu.

Picha za Japani zilikwenda njia nyingine. Nitataja mambo manne, na mwalimu ayaandike ubaoni.

Kwanza, rangi ilikuwa bapa, bila kivuli, nayo ilizungushiwa mstari. Pili, ukingo wa picha ulikata vitu: mti ulionekana nusu, mashua ilionekana nusu, kama vitu unavyoviona kupitia mlango ulio wazi. Tatu, mahali patupu paliachwa patupu, wala mchoraji hakuona haya. Nne, mambo ya kila siku yalitosha kuwa habari ya picha. Mwanamke achanaye nywele, au watu wanaokimbia mvua, walistahili kuchorwa.

Mchoraji wa Ulaya aliyekuwa amechoka na kanuni za shule aliona hapa kwamba yale aliyoambiwa ni sheria yalikuwa desturi tu. Na desturi yaweza kubadilika.

MTU ALIYENAKILI

Sasa nifike kwa mtu wetu. Jina lake ni Vincent van Gogh. Alizaliwa Uholanzi mwaka 1853, mwaka ule ule Perry alipofika Japani. Alijaribu kazi ya duka la picha, kazi ya ualimu na kazi ya kuhubiri. Zote hazikumkalia. Mwaka 1880, akiwa na miaka 27, ndipo alipoamua kuwa mchoraji. Kwa hiyo naye alianza akiwa mtu mzima, wakati wenzake wengi walikwisha kutangulia.

Mwaka 1886 alikwenda Paris kukaa na ndugu yake Theo, aliyekuwa akimtunza kwa fedha. Katika mji huo alikuwako mfanya biashara aliyeitwa Siegfried Bing, aliyekuwa na malundo ya chapa za Japani. Katika majira ya baridi ya mwaka 1886 kuingia 1887, Van Gogh alinunua chapa zipatazo 660. Alitumaini kuziuza kwa faida. Alizitundika katika mkahawa mmoja wa Paris, lakini biashara ikaanguka. Basi chapa zikabaki naye, akawa anazitazama siku kwa siku.

Mwaka 1887 alichukua chapa mbili za mchoraji Hiroshige, zilizotolewa Edo miaka thelathini nyuma, yaani mwaka 1857. Moja ilionyesha daraja na watu wanaokimbia mvua kubwa. Mvua yenyewe ni mistari myembamba inayokata picha nzima. Nyingine ilionyesha shamba la miti ya maua, na mbele yake tawi kubwa limepita kutoka ukingo hata ukingo, karibu na macho yako, na watu wadogo wanaonekana mbali nyuma yake.

Van Gogh alifanyaje? Alifanya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Aliweka karatasi nyembamba juu ya chapa, akafuatisha mistari yake. Kisha alichora miraba kwa rula juu ya karatasi hiyo, ili aweze kuikuza picha kwa kipimo bila kukosea. Karatasi hiyo ya miraba ipo hata leo. Halafu akaichora picha upya kwa rangi za mafuta, naye akazitia rangi nguvu kuliko zilivyokuwa.

Tena pembezoni mwa picha aliandika maandishi ya Kijapani, mstari baada ya mstari. Aliyanakili kutoka katika chapa nyingine. Hakujua kuyasoma. Hakujua kama yanataja mti, mtu au duka. Aliyachora tu, kama yule mzee wetu alivyosema: "Nachora nisichokijua."

Je, huo ulikuwa upuuzi? Subirini.

Mwezi wa Februari mwaka 1888 Van Gogh alihamia Arles, mji wa kusini mwa Ufaransa, wenye jua kali. Mwezi wa Novemba mwaka huo alichora mkulima anayepanda mbegu jioni. Jua ni kubwa, la manjano, limekaa nyuma ya kichwa cha mkulima. Na mbele, karibu na macho yako, shina la mti limekatiza picha kwa mshazari, na ukingo wa picha umelikata.

Shina hilo mmekwisha kulisikia. Ni ndugu yake lile tawi la Hiroshige. Lakini safari hii hakuna herufi za Kijapani, wala daraja la Edo, wala nguo za Kijapani. Yupo mkulima wa Ufaransa katika shamba la Ufaransa, amechorwa na Mholanzi ambaye hakukanyaga Japani mpaka alipokufa mwaka 1890. Mwaka wa kwanza mkono ulifuata. Mwaka wa pili mkono ulisema neno lake mwenyewe, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuzoea.

Ndiyo maana nasema kunakili si aibu. Aibu iko kwa anayenakili miaka yote, asijiulize siku moja: mstari huu umewekwa hapa kwa nini?

KUVAA NA KUJIFUNZA

Si kila mtu aliyependa vitu vya Japani alijifunza. Katika Paris ilikuwa mtindo kutundika mapepeo ukutani na kuvaa joho la Kijapani nyumbani. Mwaka 1876 mchoraji Claude Monet alimchora mke wake, Camille, amevaa joho jekundu la Kijapani, na nyuma yake mapepeo yamejaa tele. Ni picha ya kupendeza, lakini Japani iliyomo ni ya nguo. Baadaye Monet huyo huyo alikusanya chapa zaidi ya 200 nyumbani kwake Giverny, akajenga daraja la mviringo juu ya bwawa, akachora mayungiyungi ya maji. Katika nyingi za picha hizo hamna mbingu wala ukingo wa bwawa, ila maji na maua yanayofika mpaka mwisho wa kitambaa. Hapo alikuwa amekwisha kujifunza.

Akina mama, nanyi sikilizeni habari ya Mary Cassatt, Mmarekani aliyeishi Paris. Mwaka 1890 aliyaona maonyesho makubwa ya chapa za Japani katika mji huo. Alirudi nyumbani akatengeneza picha kumi za chapa, akazionyesha mwaka 1891. Hakuchora wanawake wa Kijapani. Alichora wanawake aliowajua: mmoja anamwogesha mtoto, mwingine anapimiwa nguo na mshoni, mwingine anafunga bahasha ya barua kwa kuilamba. Kwa mistari michache na rangi bapa alionyesha kwamba kazi ya mama nyumbani yastahili kutazamwa.

Kutoka vyumbani, mafunzo hayo yalitoka mpaka barabarani. Mwaka 1891 Henri de Toulouse-Lautrec alichora tangazo la ukutani la nyumba ya dansi iitwayo Moulin Rouge. Mbele amesimama mwanamume kama kivuli, amekatwa na ukingo. Nyuma watu wote ni weusi mtupu. Katikati mchezaji anarusha mguu. Rangi ni chache, nazo ni bapa. Fikirini wenyewe: mtu apitaye barabarani hana nafasi ya kusimama. Picha yenye vivuli vingi humpita. Picha yenye rangi bapa na mstari mnene humshika macho kutoka mbali. Kwa hiyo njia ya Wajapani iliwafaa sana watengenezaji wa matangazo, na hata leo matangazo mengi na majalada mengi ya vitabu hufuata njia hiyo.

MKONDO ULIOFIKA AFRIKA

Mafunzo ya Japani hayakukoma katika picha. Mwingereza mmoja, Bernard Leach, alijifunza ufinyanzi Japani. Mwaka 1920 alirudi Uingereza pamoja na mfinyanzi wa Kijapani, Hamada Shoji, wakajenga karakana katika mji wa St Ives, na tanuri la namna ya Kijapani, lenye vyumba vinavyopanda mlima. Mwanafunzi wake mmoja, Michael Cardew, baadaye alikuja Afrika ya Magharibi, akaanzisha chuo cha ufinyanzi katika mji wa Abuja ya zamani, Nigeria, ambao sasa unaitwa Suleja.

Mwaka 1954 aliingia chuoni hapo mwanamke aliyeitwa Ladi Kwali. Yeye alikuwa fundi tayari. Alifinyanga mitungi kwa mkono, kwa kuizunguka, kama alivyofundishwa kwao. Chuoni alijifunza kupaka chombo maji ya madini yanayogeuka kuwa kioo katika moto mkali. Je, aliacha mitungi yake? Hakuiacha. Umbo lilibaki la kwao, na mijusi na samaki aliowachora walibaki wa kwao. Moto tu na ngozi ya kioo ndivyo vilivyokuwa vigeni. Leo sura yake imo katika noti ya naira 20 ya Nigeria. Na mwaka 1974 alikwenda chuoni hapo kujifunza Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyungu vyake sasa vimo katika majumba ya makumbusho makubwa ya dunia.

JIBU KWA MZEE

Wazee wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Picha za Japani ziliingia Ulaya kama bidhaa za bei ndogo, zikamponya mwenyeji macho. Lakini mgeni hamponyi mwenyeji anayekataa kumtazama, wala hamponyi yule anayevaa nguo za mgeni tu akadhani amekwisha kuwa yeye.

Basi, mzee wangu, kama unanisikiliza jioni hii, jibu langu ni hili. Herufi unazonakili leo ni za mtu mwingine. Nakili. Fuatisha kila mstari, usione haya. Lakini kila unapomaliza neno, mwulize mwalimu: neno hili lasemaje? Siku moja utaandika barua kwa mwanao, na maneno yatakayokuwamo hayatakuwa ubaoni pa mtu yeyote. Usiache darasa kabla ya siku hiyo.

Mpaka juma lijalo, mabibi na mabwana. Kwaherini.

MASWALI KWA DARASA

1. Dole gumba lenye wino linafananaje na ubao wa mchongaji wa Japani?
2. Taja watu wanne waliofanya picha moja ya chapa, na kazi ya kila mmoja.
3. Rangi ya buluu ya Wimbi Kubwa ilitoka wapi? Jambo hilo latufundisha nini?
4. Eleza tofauti ya picha alizochora Van Gogh mwaka 1887 na ile ya mkulima ya mwaka 1888.
5. Zungumzeni: Je, kuna kazi yoyote mliyojifunza kwa kuiga kwanza, kama kushona, kusuka au kuchonga? Ni siku gani mlijua kwamba sasa kazi ni yenu?

KAZI YA MKONO

Kata kiazi vipande viwili. Chonga herufi ya kwanza ya jina lako juu ya kipande kimoja, ukiondoa sehemu zote zilizoizunguka ili herufi ibaki imeinuka. Ipake wino, uipige chapa katika karatasi. Kama pande mbili za herufi yako hazifanani, utaona imegeuka upande. Eleza kwa nini, na kwa nini mchongaji wa Japani aliigandika karatasi kifudifudi.